Mkanda Mweupe Uliokatika

Mama aliniomba nimchoree kikapu ukutani. Si mtu wa kuomba, ndiyo maana nilishtuka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, kijijini kwetu upande wa Songwa, ameshika kikapu chake cha zamani chenye mfuniko, anakisogeza karibu na uso, kisha mbali, kisha karibu tena. Wiki hiyo hiyo daktari wa macho mjini Shinyanga alikuwa ametuambia kwamba ni presha ya macho, kwamba kilichokwenda hakirudi, na kwamba matone aliyompa ni ya kulinda kidogo kilichobaki. Mama alimshukuru daktari utadhani amepewa zawadi. Mimi ndiye niliyenuna njia nzima ya kurudi.

"Hiki sikioni tena," aliniambia, akaniwekea kikapu mapajani. "Nakipapasa tu. Nichoree kikubwa, mayu, pale ukutani, nikione kabla giza halijafunga."

Kwetu mzazi humwita binti yake mayu, yaani mama, na mama yangu akiniita hivyo sina ubishi. Nilimwambia Jumamosi nitakuja na rangi. Nilimwambia pia, kwa majivuno yangu yale yale, kwamba atapata ukuta ambao wilaya nzima ya Kishapu haijawahi kuuona.

Mimi ni mchoraji wa kuta. Nachora vichwa vya wanawake kwenye saluni, matairi kwenye maduka ya spea, na mahindi yenye afya isiyoaminika kwenye maduka ya pembejeo. Twiga niliowachora kwenye kuta za chekechea hapa mjini wanaweza kujaza mbuga. Karakana yangu iko jirani na stesheni ya reli, na wanaonifahamu watakuambia mambo mawili: mkono wangu ni mzuri, na mimi mwenyewe sisahihishwi. Mteja akianza kuninyooshea kidole, pale ongeza, pale punguza, namkabidhi brashi na kumwambia aendelee.

Ninachokipenda kuliko matairi na twiga ni nakshi. Naziona kila mahali, na nikiziona hunibidi nisimame. Lambo likikauka, tope lake linapasuka vipande vipande, na hakuna kipande kinachofanana na mwenzake, lakini vyote vinakaa pamoja bila ugomvi. Wanawake wakianika michembe juu ya majabali, vipande vile vya viazi vinajipanga kufuata mwinuko wa jiwe, na ukitazama kutoka juu unaona jiwe limevaa nguo. Hata tanuri la matofali lina mpangilio wake wa matundu ya moto ambao fundi haupangi kwa ajili ya uzuri, na bado ni mzuri. Nimewahi kushuka kwenye bajaji katikati ya safari kwa sababu ya uzio wa miiba, dereva akaniona nimerukwa na akili.

Macho haya nimeyatoa kwa mama. Hakuwahi kuniita nikae chini anifundishe. Alikuwa anasuka, nami nilikuwa natazama. Alichukua majani ya porini na nyuzi za katani, nyuzi nyingine akazifukia kwenye tope jeusi la mbuga kwa siku kadhaa mpaka zikatoka nyeusi kabisa, nyingine akaziacha juani zikawa nyeupe. Hakuchora kwanza wala hakupima. Midomo yake ilitikisika kidogo akihesabu, na kikapu kikaota kutoka katikati kwenda nje, mduara baada ya mduara, mpaka kikawa na tumbo na shingo. Ukimimina maji hayavuji. Nimesoma, nimetembea, nimeona kazi za watu wenye sifa, na sijaona mkono uliotulia kuliko ule.

Kikapu alichonipa siku ile ndicho alichokipenda kuliko vyote, na ndicho pekee ambacho hakuwahi kukitoa kwa mtu. Mfuniko wake ni mweusi wote, umezungukwa na mkanda mmoja mweupe. Mkanda unakwenda vizuri, unapanda kidogo, unashuka kidogo, halafu upande mmoja unakatika. Pengo lenyewe ni upana wa kidole gumba. Ndani ya pengo kuna madoa matatu meupe, hayalingani ukubwa, hayako kwenye mstari. Kisha mkanda unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tangu nikiwa msichana niliamini kwamba pale uzi ulimwishia. Nilimwonea huruma kimoyomoyo, fundi kama yule kuaibishwa na uzi. Hilo halikunizuia kuuiba mkanda wake. Nimeuchora kwenye nyumba ya wageni, nimeuchora kwenye saluni mbili, na kila mara niliutengeneza, nikaziba pengo, nikafuta madoa, nikaufanya uzunguke bila kasoro. Watu walinisifu, nami nikazipokea sifa zote bila kumgawia mwenyewe.

Jumamosi nilifika na makopo ya rangi za mafuta, futi ya chuma, msumari na kamba. Nilipigilia msumari katikati ya ukuta, nikafunga kamba, nikazungusha chaki. Duara likatoka safi. Nilipaka weusi asubuhi, mchana nikaanza mkanda, na nilipofika mahali penye pengo mkono haukusita hata kidogo. Niliunganisha. Nilifurahi sana wakati ule, na sifichi. Nilijiona namrudishia mama kitu ambacho uzi ulimnyima.

Jioni nilimshika mkono nikampeleka hadi kwenye ghala la mahindi, hatua kama ishirini hivi kutoka ukutani. Kwa ugonjwa ule anaona kwa katikati tu, pembeni kote kumefungwa, kwa hiyo kitu kikubwa anakitazama akiwa mbali, na kichwa anakisogeza polepole ili akipitie chote. Alisogeza kichwa kulia, akasogeza kushoto. Alirudia. Akasimama muda mrefu akitazama upande wa kushoto.

"Nzuri," alisema. "Wabeja, mayu." Akishanishukuru hivyo kwa Kisukuma, akaniuliza kama nimekula.

Naijua hiyo nzuri. Ni ile mtu anayoitoa akiletewa kiatu kisichomtosha na hataki kumvunja moyo aliyekileta. Lakini nilijiambia ni macho, maskini, haoni vizuri, na nikarudi mjini nikiwa nimeridhika kwa nguvu.

Safari zilizofuata nilimkuta nyuma ya nyumba. Kigoda kilichokaa mbele miaka yote kilikuwa kimehamia jikoni nyuma, na mama alikuwa anapukuchua karanga akiwa ameupa ukuta wangu mgongo. Nilipomuuliza alisema anakimbia jua. Jua lilikuwa upande ule ule aliokimbilia. Niliumia, tena sana. Siku tatu nilikuwa mkali kwa kila mteja aliyeingia karakana.

Kisha akaja mchunga ng'ombe mmoja. Ilikuwa Jumapili, nimekaa mbele ya nyumba peke yangu, na yeye anapita na ng'ombe wanane akiwapeleka mnadani. Aliuona ukuta akasimama. Aliacha ng'ombe wake wakitawanyika kando ya njia, akaja, akatazama kulia, akatazama kushoto, akainama akatazama chini, vile vile watu wanavyomkagua dume kabla ya kutoa bei. Akaniuliza huyu ng'ombe ni wa nani.

Nilimwambia si ng'ombe, ni kikapu. Alitabasamu kwa adabu, akionekana kabisa kwamba amenisamehe.

"Mama, huyu ng'ombe hajazaliwa," alisema. "Mkanda umeziba kote, pande mbili ziko sawa. Akipotea utamjuaje?"

Akachukua fimbo yake akaondoka. Mimi nilibaki nikifoka peke yangu, kwamba hawa wenzetu hawaoni kitu duniani isipokuwa ng'ombe, ukiwachorea mwezi watakuuliza unatoa lita ngapi. Nilipotulia nikasikia mama anacheka nyuma ya nyumba. Kicheko kidogo, cha mtu aliyesikia kila neno. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu tutoke kwa daktari. Sikuzunguka kumuuliza anacheka nini, kwa sababu sikutaka kujua.

Mwezi uliofuata nilipata kazi Buseresere, kuchora mbele ya duka la spea za pikipiki. Nikamaliza, na wakati wa kurudi nikapita Geita kumwona kaka yangu. Kaka ni mkubwa kwangu kwa miaka sita na ameishi kwenye machimbo madogo ya dhahabu tangu ujana wake. Sasa hashuki tena kwenye duara, ndivyo wanavyoliita shimo lao, kwa sababu magoti yamekataa. Anakaa juu, chini ya turubai, na vijana wanamletea mawe ayasome kabla hawajayapeleka karasha kusagwa.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, kwa kuwa alikuwa na jiwe mkononi. Alilimwagia maji kidogo, akaligeuza juani, akalilamba pembeni, akaligeuza tena. Lilikuwa jiwe jeusi lenye mstari mweupe uliopita katikati, umenyooka, mzuri ajabu. Nilisema laiti ningelipata nilichore. Akalitupa kwenye rundo la yasiyofaa.

Aliokota jingine, baya, mstari wake umepinda, umevunjika, umehama nafasi, na pale palipovunjika pana kutu. Hilo alilipangusa kwa shati lake. Aliniambia kwamba mstari ulionyooka hauna habari, umepita tu njia. Ukiona umekatika, hapo mlima ulipata shida, na ulipopata shida ndipo ulipoacha kitu. Alinionyesha jiwe baada ya jiwe, na mimi, niliyejiona ndiye mwenye macho katika ukoo huu, nikawa mwanafunzi. Kaka hajawahi kushika brashi. Lakini anavyolitazama jiwe, kwa subira ile na upendo ule, ni wachoraji wachache ninaowajua wanaotazama hivyo.

Labda ndiyo sababu nilimweleza habari ya ukuta. Nilimweleza kwa malalamiko, jinsi nilivyohangaika na jinsi mama alivyoupa mgongo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Yale madoa matatu uliyaweka?"

"Yale ya pengo? Si uzi ulimwishia?"

Akaweka jiwe chini. "Ya ubavuni," alisema. "Ubavu wa kushoto."

Hakusema ya mfuniko. Alisema ya ubavuni, nami nikamuuliza ubavu wa nani.

Kaka ndiye aliyechunga ng'ombe wa nyumbani. Mimi nilikuwa naishi kwa shangazi mjini tangu darasa la tatu, na zizi la baba nililijua kwa likizo tu. Alinieleza kwamba kulikuwa na ng'ombe mmoja wa mama mwenyewe, mzao wa yule aliyepewa na mama yake siku alipoolewa. Mweusi, na mkanda mweupe tumboni. Mwaka wa ukame vijiji vyote vilinywesha kwenye lambo moja, mamia ya ng'ombe wamechanganyika kwenye vumbi, na weusi wenye mkanda walikuwa wengi. Yeye alikuwa anatafuta pale mkanda unapokatika. Akiliona pengo na madoa matatu, alijua huyu ni wetu, na jioni mama alikuwa anasimama mlangoni kuhakikisha kwamba ni yeye aliyerudi.

Nikauliza ng'ombe huyo alikwenda wapi. Kaka alinitazama kama vile nauliza jua linatokea upande gani.

"Ulipochaguliwa kwenda sekondari," alisema.

Nikamwambia hapana, nilisomeshwa na pamba. Mama mwenyewe aliniambia, pamba ilikubali mwaka ule. Kaka akatikisa kichwa taratibu. Pamba ya mwaka ule ilikauka shambani, alisema, hata mbegu haikurudi. Mama ndiye aliyemswaga ng'ombe wake hadi mnadani, kwa miguu, hakutaka baba aende. Wakati mnunuzi anachukua kamba, mama aligeuka akatazama upande wa pili, na hakugeuka tena mpaka ng'ombe amekwenda. Alimwambia kaka njiani kwamba angemwangalia angemrudisha nyumbani. Wiki ile ile akafukia nyuzi kwenye tope, akaanza ule mfuniko.

Nilikaa juu ya kiroba cha mawe. Shule ile ndiyo iliyonipa rula na bikari. Ndiko nilikofundishwa kwamba upande huu ukifanana na ule kazi imekamilika, nami nikalipenda somo lile kuliko yote, nikalifanya maisha yangu. Na kwa kile ambacho ng'ombe yule alininunulia, nilikuwa nimemziba mkanda, tena mara nne, mara ya mwisho mbele ya macho ya mama. Nililia. Karasha ilikuwa inanguruma kiasi kwamba hakuna aliyesikia, na kaka akajifanya ana mawe mengi ya kutazama.

Sikupitia mjini. Nilishuka kwenye basi njia panda, nikapanda bodaboda hadi kijijini, nikamkuta mama nyuma ya nyumba na karanga zake. Nilipiga magoti nikamwamkia, kisha nikamwambia nimekuja kuufuta ule ukuta. Alisema niuache, rangi ya mjini si ya kuchezea. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulikuwa umefurahi," alisema. Akapukuchua karanga mbili tatu. "Na ulichora vizuri, mayu. Ila si yeye."

Kwa siku mbili nilikwangua. Makopo niliyaacha kwenye mfuko, futi na msumari pia. Nilichimba tope jeusi mbugani, nikalichanganya na masizi na mavi ya ng'ombe ili lishike, kama wanawake wa kwetu wanavyofanya. Udongo mweupe nilipata kwenye kingo za korongo ambako mama alikuwa akichimba zamani. Harufu yake ilinikumbusha likizo zangu zote.

Mama alikaa kando ya ghala akaniongoza. Hakuniambia duara, wala katikati, wala sentimita. Alisema hapo ni bega, usiende moja kwa moja, bega lina mfupa. Alisema mkanda uinuke kidogo kwenye nyonga, kwa sababu alikuwa na nyonga ya juu. Alisema tumbo lishuke, alikuwa na mimba ya pili alipoondoka. Hapo niliacha kupaka kwa muda, kisha nikaendelea. Mimi nisiyesahihishwa nilisahihishwa siku nzima, nikafuta, nikarudia, na sikumkabidhi mtu brashi. Ilipofika alasiri ukuta haukuwa na pande mbili sawa popote. Ulikuwa umejaa, una uzito, na ungeweza kuusikia ukihema. Katika miaka yote ya kuchora nilikuwa sijatengeneza kitu kizuri kama kile, na mkono tu ndio uliokuwa wangu.

Nilipofika kwenye pengo nilimuuliza madoa yakae vipi. Alikuja mwenyewe, akipapasa hewa mpaka akagusa ukuta, akafuata ukingo wa mkanda kwa vidole hadi ulipoisha. Alichovya kidole gumba kwenye udongo mweupe. Akaweka doa la kwanza, akaweka la pili karibu nalo. La tatu aliliweka chini zaidi, dogo, bila kutafuta.

Nilimrudisha hadi kwenye ghala. Alisogeza kichwa kulia polepole, bega, tumbo, nyonga, kisha akarudi kushoto mpaka akapata pengo, na hapo kichwa kikatulia. Akatoa sauti kwa ulimi, ile ya kumtuliza ng'ombe wakati wa kukamua, ambayo nilikuwa sijaisikia tangu utotoni.

"Siku ile sikukuangalia," alisema, na hakuwa anaongea na mimi.

Nilikwenda kuosha brashi ambazo zilikuwa safi. Nilipogeuka, mama alikuwa amekivuta kigoda kutoka nyuma ya nyumba, amekaa, ameelekea ukutani. Alimwangalia mpaka ng'ombe wa majirani wakaanza kurudi zizini.